Tusiuziwe ndoto za sarafu ya Kew

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya uvumi unaoenea kwamba kila mwenye sarafu ya Uingereza ya peni 50 amekalia utajiri. Uvumi huu umewafikia hata wananchi wetu ambao ndugu zao wanaishi Uingereza au waliwahi kusoma huko, na ambao wamebakiwa na sarafu mbili tatu ndani ya kopo au katika mtoto wa meza. Nionavyo mimi, uvumi huo una chembe ya ukweli, na ni chembe hiyo hiyo inayowapa matapeli mlango wa kupitia.

Ukweli wenyewe ni huu. Mwaka 2009 bustani ya mimea ya Kew, iliyoko London, ilitimiza miaka 250. Royal Mint, kiwanda cha serikali kinachotengeneza sarafu za Waingereza huko Llantrisant, Wales, kilitoa sarafu ya peni 50 ya kumbukumbu. Msanii Christopher Le Brun alichora mnara wa mtindo wa Kichina unaosimama ndani ya bustani hiyo tangu karne ya 18, na mmea unaotambaa kuuzunguka. Chini yake kuna neno KEW, na pembeni miaka 1759 na 2009. Zilitolewa kwa matumizi ya kawaida sarafu 210,000 tu. Kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 60, hizo ni chache mno.

Lakini siku zile wengi hawakujali. Watu walinunulia mkate na kurudishiwa chenji kama kawaida. Idadi hiyo ilipotangazwa sana magazetini mwaka 2014 ndipo mbio zilipoanza, na leo sarafu hiyo ya nusu pauni huuzwa kwa pauni 100 na zaidi.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wenzangu wanielewe. Bei hiyo haitokani na uzuri wa mchoro, wala na madini, maana sarafu hiyo ni shaba na nikeli tu, gramu 8, sawa na peni 50 nyingine yoyote ya siku hizi. Haitokani na ukongwe pia. Peni 50 ya kwanza, ile yenye pembe saba iliyochukua nafasi ya noti ya shilingi kumi mwezi Oktoba 1969, ni kongwe kuliko ya Kew kwa miaka 40. Ilikuwa kubwa zaidi, na iliondolewa katika matumizi mwaka 1998 baada ya ile ndogo kuanza kutumika. Ukiwa nayo ya kawaida iliyochakaa, hutapata cha maana, kwa sababu zilitengenezwa kwa mamilioni.

Mfano wa karibu tunao wenyewe. Peni 50 ile ya 1969 ilichorwa na Christopher Ironside. Ni bwana huyo huyo aliyechora sarafu zetu za mwaka 1966: samaki wa senti tano, mbuni wa senti ishirini, sungura wa senti hamsini, na mkono ulioshika mwenge katika shilingi. Binafsi naona sungura yule ni mzuri kuliko mnara wa Kew, na nadhani waliokua wakimchezea kiganjani wataniunga mkono. Hata hivyo sijasikia mtu akitoa fedha nyingi kwa sungura aliyechakaa. Wako wengi mno. Mwenye kununua sarafu kwa ajili ya kuhifadhi hulipia kile ambacho jirani yake hana, basi.

Sasa matapeli. Mwaka 2019, peni 50 ilipotimiza miaka 50, Royal Mint kilitoa tena mchoro wa Kew katika seti za kuuziwa wanaohifadhi sarafu. Hiyo si ile ya 2009, na bei yake ni nyingine. Shida ni kwamba upande wa mnara nayo imeandikwa 1759 na 2009 vile vile. Kwa hiyo anayekuonyesha picha ya upande wa mnara peke yake hajakuonyesha kitu. Geuza upande wa kichwa cha Malkia Elizabeth, usome mwaka ulioandikwa pale. Tena ziko za bandia, zilizotengenezwa makusudi kwa sababu bei imepanda.

Anayekuambia utangulize fedha za "ukaguzi" au za "kutafutiwa mnunuzi wa Ulaya" mwogope kama moto. Mnunuzi wa kweli hutoa fedha, hadai kupewa. Na bei anayoitangaza muuzaji kwenye mtandao ni matumaini yake tu. Mimi naweza kutangaza kuku wangu kwa shilingi milioni moja, na bado jioni nikamrudisha bandani. Tazama bei ambayo watu wamekwisha kulipa kweli.

Kwa wale ambao sarafu zao ni za kawaida, na ndio wengi, wasitegemee pia maduka ya kubadilishia fedha, kwani kwa kawaida hupokea noti na kukataa sarafu za kigeni. Njia nyepesi ni kumpa ndugu anayesafiri kwenda huko, akazitumie kununulia chai.

Jambo la mwisho. Kew sasa imepitwa. Peni 50 ya mwaka 2023 yenye samaki aina ya samoni na kichwa cha Mfalme Charles imetolewa 200,000 tu katika matumizi ya kawaida. Bila shaka uvumi mwingine unakuja, safari hii wa samaki. Atakayekuletea samoni, soma kwanza mwaka, maana samaki huyo anaendelea kuchorwa kwenye sarafu za miaka mingine.

Msomaji wako,
Tanga