Kidonge cha Seleniumu Hakishiki Nafasi ya Mganga



Wakati wa kubadilisha zamu, akina baba wanaongea habari za vidonge vya seleniumu. Wanaambiwa kwamba vinakinga mwanaume na kansere ya tezi dume, ile waganga wanaiita prostati. Mimi nasema: tufikiri vizuri kabla ya kutoa franga zetu.

Seleniumu si mgeni kwetu watu wa shaba. Sehemu kubwa ya ile inayouzwa duniani inatoka katika matope yanayobaki shaba inaposafishwa kwa umeme. Mwili unaihitaji, lakini kidogo sana: mtu mzima anatosheka na mikrogramu 55 hivi kwa siku, na gramu moja ina mikrogramu milioni moja. Samaki, nyama na mayai vinatuletea.

Uvumi ulitoka wapi? Mwaka 1996, waganga wa Marekani walitangaza majaribio ya watu 1,312. Waliomeza mikrogramu 200 kila siku walipata kansere ya tezi dume mara chache kuliko wenzao. Lakini majaribio yale yalikuwa ya kansere ya ngozi, na faida ilionekana zaidi kwa wanaume wenye seleniumu kidogo katika damu.

Kwa hiyo mwaka 2001 yalianza majaribio makubwa, yaitwayo SELECT, kwa wanaume zaidi ya 35,000. Mwaka 2008 vidonge vilisimamishwa: seleniumu haikuwakinga. Mwaka 2014 ilijulikana jambo baya zaidi. Kwa wale ambao kucha zao za miguu zilionyesha kwamba walikuwa tayari na seleniumu nyingi, kuongezewa vidonge kulifanya hatari ya kansere kali ikaribie kuwa mara mbili.

Kila fundi anajua jambo hili. Mota bila mafuta inakufa; mota yenye mafuta kupita kiasi inaharibika vilevile. Fundi anapima kwanza, ndipo anaongeza. Mbona kwa mwili wetu tunamimina bila kupima? Seleniumu ikizidi, nywele zinatoka, kucha zinavunjika, na pumzi inanuka kama kitunguu saumu.

Lakini hatari ninayoiogopa zaidi ni nyingine. Mtu akimeza kidonge, anajiona amelindwa. Usiku anaamka mara nne kukojoa, mkojo unatoka kwa shida, naye anaficha hata mbele ya bibi yake. Mara nyingi ni tezi iliyokua tu kwa sababu ya umri, na dawa yake ipo. Mara nyingine ni kansere. Mganga peke yake ndiye anaweza kutenganisha. Na kansere hii, mwanzoni, inaweza kukaa kimya bila maumivu yoyote.

Basi, wewe uliyefika miaka 50, ao mapema zaidi kama baba ao ndugu yako aliipata, uende kwa mganga umuulize juu ya kupimwa. Ukiona damu katika mkojo, usingoje hata siku moja. Si haya. Nanyi akina mama, mtusaidie kwa kutukumbusha.

Kazini tunavaa kofia ya usalama kabla jiwe halijaanguka. Na kwa ugonjwa huu tufanye vile vile: twende mapema, na franga za vidonge zinunue samaki wa watoto.