Mbuzi Mgeni Hapewi Jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mbuzi mchanga aliyetoka mnadani hesabu hiyo haifai. Ugeni wake ni wiki tatu. Juzi jirani yangu alishusha wanne kutoka kwenye pikapu, miguu imefungwa kamba, na kwa huruma akawamwagia nusu debe la pumba za mahindi. Kesho yake mmoja alikuwa chini, ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma. Huruma ile ndiyo iliyomwua. Tumbo la mbuzi lina vijidudu vinavyozoea chakula polepole. Aliyekulia majani ya porini habadilishiwi mlo kwa usiku mmoja. Mwanzo mpe maji safi, nyasi kavu na matawi yaliyoning'inizwa, maana mbuzi hupenda kula kichwa juu. Pumba anza na kiganja kimoja, uongeze taratibu kwa siku kumi hivi. Asiyeacha ziwa bado anadai maziwa ya vuguvugu, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Mtenge na kundi la zamani, maana sotoka ya mbuzi na homa ya mapafu hazibishi hodi. Kisha funua kope yake ya chini: ikiwa nyekundu, shukuru; ikiwa nyeupe kama karatasi, huenda minyoo inamnyonya damu, mwite mtaalamu wa mifugo. Banda liwe kavu, sakafu imeinuliwa, upepo wa usiku usimpige. Bei ya mnadani ni kianzio tu; mbuzi hununuliwa upya kila siku, kwa jicho la mwenyewe.