Msitujengee Studio, Tuandikieni Kibali

Kila mgeni wa shirika akifika kwenye kituo chetu cha vijana huuliza swali lile lile: vijana wa muziki mnahitaji nini? Na sisi, bila hata kutazamana, tunajibu: studio. Tumejibu hivyo miaka mingi mpaka jibu limekuwa kama salamu. Leo tunataka kulifuta, na tunajua baadhi ya wanamuziki wenzetu watatukasirikia.

Mawazo yetu yalianza kubadilika pale kwenye kivuli cha kituo, karibu na soketi ya kuchajia simu. Mwenzetu mmoja ambaye Kiingereza chake ni kizuri kuliko chetu alikuwa amepakua mahojiano ya wanamuziki wa roki wa Marekani, wale wanaojitegemea, wasiotaka kusaini na kampuni kubwa. Akawa anasimamisha, anatafsiri, anaendelea. Roki yenyewe hatuipigi. Hapa kambini ni rumba, injili, bongo fleva na rap. Siku tuliyoiweka roki kwenye spika, mama mmoja alitoka nje kuuliza kama redio imeharibika. Lakini mambo waliyokuwa wanayasema wale watu ni ya kwetu kabisa: hela ya studio, gari bovu, nani kashika kanda, nani kala kiingilio.

Tuanze na Minutemen, vijana watatu wa San Pedro, California. Mwaka 1984 walitoa albamu yenye nyimbo zaidi ya 40. Hawakuwa na tajiri nyuma yao. Walikodi studio usiku wa manane, saa ambazo bei inashuka, wakarekodi hata kwenye kanda zilizokwisha kutumiwa. Waliweza kwa sababu walipoingia studio nyimbo zilikuwa zimeshaiva. Walikuwa hawaendi studio kutunga, walikuwa wanaenda kurekodi tu. Hapo tulinyamaza kidogo, maana kila mmoja wetu alikumbuka siku tulizolipia saa moja ya studio ya mjini, tukatumia dakika arobaini kubishana ni nani anaimba beti ya pili.

Halafu kuna Steve Albini wa Chicago, aliyefariki 2024. Huyu alirekodi bendi nyingi, kubwa na ndogo, pamoja na Nirvana mwaka 1993. Alikuwa hachukui asilimia ya mauzo ya albamu za watu. Aliwaandikia Nirvana kwamba anataka kulipwa kama fundi bomba: amefanya kazi, alipwe kazi, aondoke. Sisi fundi bomba tunamjua vizuri, maana bomba la zoni yetu likikatika ndiye mtu muhimu kuliko viongozi wote. Hajawahi kudai sehemu ya maji.

Huyo huyo Albini aliandika makala mwaka 1993 akipiga hesabu ya bendi ya kubuni, watu 4, imesaini na kampuni kubwa na kuuza nakala 250,000. Akaanza kutoa gharama: mtayarishaji, wakili, meneja, studio, basi la ziara, video. Mwishoni kila mwanamuziki anabaki na dola 4,000 na kitu, na bado bendi inadaiwa na kampuni. Tuliirudia hesabu hiyo mara mbili kwenye daftari, tukidhani mtafsiri wetu kakosea sifuri.

Kwa nini hesabu ya wazungu wa miaka ile ituhusu? Kwa sababu na sisi tumeshasaini mambo bila kusoma, ila sisi wala hatukuona karatasi. Miaka michache iliyopita shirika moja lilitaka wimbo wa kunawa mikono. Tuliutunga kwa siku mbili, tukaurekodi mchana mmoja, tukapewa soda na fulana. Wimbo ulikuwa mzuri, tusijifanye wanyenyekevu. Ulipita kwenye magari ya matangazo zoni zote, watoto wanauimba mpaka leo. Tulipotaka kuuweka kwenye albamu yetu wenyewe tukaomba faili, tukaambiwa liko makao makuu na kuna utaratibu wa kulipata. Aliyetuambia alikuwa kijana kama sisi, wa insentivu, hakuwa na kosa lolote. Faili hatujalipata. Tumeanza kuurekodi upya kwa simu.

Ndiyo maana habari ya Dischord ilitugusa. Hiyo ni lebo ya Washington iliyoanza 1980, na mmoja wa waanzilishi wake, Ian MacKaye, baadaye akawa kwenye bendi ya Fugazi. Lebo hiyo haiandikishani mikataba na bendi. Wanatoa gharama, kinachobaki wanagawana. Fugazi nao walipanga kiingilio cha dola 5, na watu wa umri wowote waingie. Kati ya 1987 na 2003 walipiga maonyesho zaidi ya 1,000, na zaidi ya 800 waliyarekodi wenyewe. Soma tena hiyo namba ya mwisho. Kumbukumbu ya kazi yao iko mikononi mwao.

Hapa lakini tuseme ukweli, kuna mahali tunaachana na hawa jamaa. Wakizungumzia ziara, wanasifia kulala sakafuni kwa watu, kula mkate mkavu, kubanana kwenye gari. Kwao hiyo ni heshima, kwa sababu walichagua. Sisi kulala chini si ziara, ni Jumanne. Na hata gari lao lilipokuwa bovu namna gani, lilikuwa linavuka kutoka jimbo hadi jimbo bila mtu kumuuliza mpiga ngoma barua yake iko wapi.

Mwaka jana tulialikwa kuimba mjini. Mwalikaji angelipa nauli na chakula, na kungekuwa na kiasi kidogo cha kugawana. Tuko sita. Tulipeleka maombi ya vibali wiki tatu kabla, na picha, na nakala za kadi. Siku moja kabla ya safari vilitoka vinne. Mpiga besi na mpiga ngoma hawakuwemo. Sababu hatukupewa, na dirisha lilikuwa limefungwa. Wanne wakaenda, wakaimba juu ya mdundo wa simu. Watu walipiga makofi, lakini mwalikaji aliuliza kwa adabu kwamba si alialika bendi? Hajatuita tena. Mpiga besi wetu siku hizi anauza vocha, na gitaa limening'inia ukutani.

Wenzetu wa Uganda wakisoma hapa watashangaa kidogo. Sheria ya wakimbizi ya kule ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea nchini, hivyo kijana wa Nakivale akiitwa Kampala tatizo lake ni nauli. Sisi wa Kenya na Tanzania, nauli hata tukiwa nayo, kambi hutoki bila ruhusa. Vijana ni wale wale, wengine ni ndugu wa damu waliogawanyika njiani, lakini mmoja ana ziara na mwingine ana mashine ya kurekodi iliyofungiwa kwenye kontena kwa sababu jenereta haina mafuta.

Na hii habari ya ziara si ndoto ya kizungu. Tinariwen, bendi ya magitaa ya Watuareg wa kaskazini mwa Mali, ilianzia ukimbizini Algeria mwaka 1979. Ibrahim Ag Alhabib alitengeneza gitaa lake la kwanza kwa kopo, kijiti na waya wa breki ya baiskeli. Kwa miaka mingi hawakuwa na albamu ya dukani. Watu waliwaletea kaseti tupu, wakawarekodia, na kaseti zikatembea jangwani mkono kwa mkono. Albamu yao iliyowafikisha nje ilirekodiwa katika kituo cha redio pale Kidal, ikatoka 2001. Kuanzia hapo walisafiri dunia nzima, na 2012 wakapata Grammy. Studio haikuwatangulia. Nyimbo zilitembea kwanza, halafu wenyewe wakaruhusiwa kutembea.

Tunajua kuna atakayesema: mgao wa chakula umepunguzwa, nyinyi mnaongelea ziara? Ndiyo, tunaongelea ziara kwa sababu mgao umepunguzwa. Kazi ya insentivu haiwatoshi wote, na muziki ni moja ya kazi chache ambazo mtaji wake tayari tunao. Ila haulipi ukiimbiwa watu wale wale, kwenye uwanja ule ule, kila Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20, mbele ya wageni waliokaa kwenye hema la kivuli.

Kwa hiyo ndugu wa mashirika, na tunawaheshimu kwa dhati, mkituuliza tena tunahitaji nini, tutaomba mambo mawili. Wimbo tukiwatungia, nakala ibaki kwetu siku hiyo hiyo, na karatasi ya Kiswahili ya ukurasa mmoja iseme ni wa nani. Pili, mtuandikie barua za kuunga mkono vibali, mapema, majina yote, na mzifuatilie dirishani kama mnavyofuatilia vibali vya semina zenu. Hela ya mashine za studio mkiwa nayo, iwekeni kwenye nauli.

Upande wetu, tumeshaanza. Tunafanya mazoezi mpaka wimbo uweze kurekodiwa mara moja, bila ubishi wa beti ya pili. Tumezunguka zoni tatu, spika tukiisukuma kwenye wilbaro ya kubebea mgao, kiingilio bei ya kikombe cha chai, watoto bure. Kila onyesho tunalirekodi kwa simu mbili, moja ikizima chaji nyingine iendelee. Zoni ya nne ni Jumamosi hii, baada ya swala ya alasiri. Na maombi ya kibali cha kwenda mjini tumeyapeleka jana, majina sita. Safari hii la mpiga besi tumeliandika la kwanza.