"Haya" ya bi harusi

Neno "haya" ni dogo, lakini lina mambo. Kwa Kiarabu, hayaa ni staha, nayo ni katika imani. Kwenye adhana tunasikia "hayya", yaani njooni. Sisi Waswahili tunayo haya ya kuona soni, na tunayo "haya" ya kuitikia: "Haya, nimesikia."

Hapo ndipo penye hatari. Walii anapomuuliza binti kama ameridhia kuolewa, naye akainamisha kichwa akasema "haya", ni haya ipi? Ni kweli, sharia imekubali ukimya wa mwanamwali kuwa ni idhini, kwa kuwa anaona haya kusema. Lakini ukimya wa hofu si ridhaa. Khansa bint Khidam, aliyekuwa ameshaolewa kabla, aliozwa na baba yake bila kupenda. Alipomwendea Mtume (SAW), ndoa ile ilivunjwa.

Basi mama, shangazi na masomo, muulizeni mapema, faraghani, kabla kadi hazijagawiwa. Nawe mwari wetu, kusema "sitaki" hakukuondolei haya.