Muvi ni ya studio ama ya dairekta?

Wasee wa Eldoret mnaoshuti na simu, chekini hii. 1957, studio ya Universal ilimpokonya Orson Welles muvi yake, Touch of Evil, ikaikata venye inataka. Mzee akaandika memo ya kurasa 58: muziki toa hapa, sini hii peleka pale. Wakapuuza nyingi. Alidedi 1985. Edita Walter Murch ndiye aliiunda upya 1998 akifuata hizo karatasi.

Huku kwetu, 2018, bodi ya filamu ilitaka Wanuri Kahiu abadilishe mwisho wa Rafiki. Akakataa, ikapigwa marufuku, korti ikaipea siku saba tu. Bei kali, lakini Rafiki haihitaji Murch.

Sasa wewe umefuta klipu zote ndio simu ipate nafasi, na hujaandika popote ulikuwa unataka nini.