Mto Hauna Mpaka

Wako watu wasemao kwamba mto ni mali ya yule akaaye chemchemini. Msomaji, usilikubali neno hilo. Mito ya Amala na Nyangores, itokayo msitu wa Mau, huungana kuwa Mto Mara. Nao huvuka mpaka, ukapita Serengeti nchini Tanzania, ukaishia Ziwa Victoria. Je, wote wanywao huko chini hawana haki?

Msitu ni kama mtungi: huipokea mvua, ukaihifadhi ardhini, ukaitoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Miti ikatwapo, maji huteremka kwa ghadhabu na kuchukua udongo; kisha kiangazi kikija, mto hudhoofika. Asemaye kuwa hayo ni majaliwa, na shoka lingali mkononi mwake, amsingizia Mungu.

Wengine huwacheka wapimao kina cha mto kila siku, wakidai kwamba kipimo hakimwondolei mtu kiu. Lakini mali isiyohesabiwa, mwizi wake hajulikani! Basi jifunze kupima, nawe upande miti. Aliye juu na anywe, ila akumbuke kwamba chini yake yuko jirani mwenye kiu.