Kompyuta Mpya Isiyoamka

Juma lililopita jirani yetu mmoja, mke wa sajini, alibisha hodi akiwa amekumbatia kompyuta mpya aliyowanunulia watoto. Kila alipoiwasha ilionyesha kioo cheusi na maandishi machache ya Kiingereza.

"Mwalimu, nimeuziwa kitu kibovu?"

La hasha. Baadhi ya kompyuta huuzwa kwa bei nafuu kwa kuwa hazina mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoziongoza nyingine zote. Atakaye Windows 11 hana budi kununua leseni. Nakala za wizi zisikaribishwe nyumbani, kwani mara nyingi huja na virusi. Sisi tulichagua Ubuntu, ambayo hailipiwi. Toleo la 24.04, lililotoka Aprili 2024, lina masahihisho ya usalama ya bure hadi mwaka 2029. Faili lake huzidi gigabaiti 5, basi lipakuliwe mahali ambapo intaneti si ghali.

Wengi hukosea hapa: hulinakili faili hilo katika flashi kama wanavyonakili picha, kisha hushangaa kompyuta haiamki. Sharti liandikwe kwa programu maalumu, kama Rufus au balenaEtcher. Na programu hiyo hufuta kila kitu kilichomo katika flashi.

Mama alinipa flashi yake ya gigabaiti 16. Nikamwuliza imo nini. Akasema haina kitu. Mimi niliwahi kufuta picha za arusi ya dada yangu kwa kusadiki jibu kama hilo, na hadi leo hunikumbusha kila sikukuu. Basi nikaifungua kwanza katika kompyuta yangu. Zilikuwamo picha za marehemu baba yake, naye hakuwa nazo mahali pengine. Alinyamaza kwa muda mrefu. Tukatumia flashi yangu.

Yaliyobaki hayakuwa magumu. Tuliunganisha kompyuta na umeme huku betri ikiwa imejaa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi huenda mkaanza upya. Tukachomeka flashi, tukawasha, tukabonyeza F12 mara kwa mara hadi orodha ikatokea (mashine nyingine hutaka Esc, F2 au F9), tukachagua flashi. Ubuntu hukuruhusu kuijaribu kabla ya kuisakinisha. Tukapima sauti, kibodi na intaneti isiyo ya waya. Ndipo likaja swali la kufuta diski yote. Kwa mashine mpya isiyo na kitu, kubali. Kwa mashine yenye kazi zako za miaka, ondoa mkono kwanza, ukahifadhi nakala kando.

Baada ya kama nusu saa kompyuta iliomba tuitoe flashi, ikajiwasha yenyewe. Watoto waligombania kuchagua neno la siri. Mama aliwatoa nje wote, akaliandika mwenyewe, wala hajamwambia mtu.